Kila Mchezo na Kiti Chake

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kituo kimoja cha utengamao jijini Stockholm, walikuwapo watu waliokataa kuachana na hoki ya barafu ingawa miguu yao haikuwatumikia tena. Mchezo wa kuwafaa haukuwapo. Hapakuwa na kanuni, ligi wala kifaa. Wakachukua fremu ya chuma, wakafunga chini yake vyuma viwili vya viatu vya kutelezea, wakaiinua kiasi cha kisahani cha hoki kuweza kupita chini yake bila kukwama. Magongo wakayatengeneza kwa fimbo za mviringo zenye vishikio vya baiskeli. Wakashuka na vifaa hivyo kwenye ziwa lililoganda kusini mwa jiji, wakacheza bila hata walinda lango.

Mchezo huo uliozaliwa kwa vyuma vya kuungaunga ulikua haraka. Kufikia 1969 Stockholm ilikuwa na ligi ya timu tano, ambamo hata wasio na ulemavu waliketi kwenye fremu hizo, yaani sleji, wakacheza na wenzao. Mwaka huohuo timu ya Oslo ikaja kukutana na klabu ya Stockholm, na hiyo ikawa mechi ya kwanza ya kimataifa ya hoki ya sleji. Mchezo ulipoingizwa rasmi kwenye Paralimpiki ya majira ya baridi, Lillehammer 1994, dhahabu ilikwenda kwa Uswidi.

Ninaishi katika jiji hili, na nimesoma habari nyingi za wanamichezo wenye ulemavu, za huku na za kwetu Afrika Mashariki. Karibu zote hupita njia moja: ajali, kukata tamaa, ujasiri, medali. Sina ugomvi na ujasiri. Anayesukuma magurudumu kwenye theluji ya Januari kwenda kituo cha treni anao, hata kama hatashindana kamwe. Ila habari hizo huruka hatua moja, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kati ya kukata tamaa na medali yupo mtu aliyeshika msumeno wa chuma na futi ya kupimia. Ukitaka kuelewa maisha ya mwanamichezo aliyepita katika michezo mitatu au minne ya viti, mfuate fundi wake.

Anayecheza kwa miguu akitoka kwenye kikapu kwenda kwenye tenisi, hubadilisha viatu, akajifunza kanuni, akaanza mazoezi. Wa kiti anabadilisha karibu mwili mzima. Kiti cha kikapu kina magurudumu yaliyoinama, yakikaribiana juu na kutanuka chini, ili kigeuke pale pale na kisipinduliwe kirahisi. Mbele kina bomba la kupokea vishindo, maana kwenye kikapu viti hugongana kwa makusudi, na nyuma kina kigurudumu kidogo cha kumzuia mchezaji asianguke kichwa nyuma anaponyanyua mikono kufunga. Hata ukubwa wa ulemavu huingia kwenye hesabu: kila mchezaji ana pointi zake kulingana na uwezo wa mwili wake, na jumla ya watano walioko uwanjani isizidi 14. Kwa hiyo kocha humhitaji yule ambaye kiwiliwili chake hakina nguvu sawasawa na anavyomhitaji yule mwenye nguvu. Sijui mchezo mwingine ambao kanuni zake zimefikiria watu kwa uangalifu namna hiyo.

Kwenye tenisi hakuna kugongana. Mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili, na hiyo ndiyo tofauti kubwa ya kanuni. Lakini mkono mmoja unashika raketi na kusukuma ringi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kiti kinatakiwa kiwe chepesi mno, kigeuke kwa msukumo mdogo wa kiganja. Kiti cha mbio nacho ni kifaa kingine kabisa: magurudumu matatu, la mbele likiwa mbali mwisho wa bomba refu, miguu imekunjwa ndani, kifua kimelala juu ya magoti. Mwanariadha haishiki ringi. Anaipiga kwa glavu ngumu, juu kwenda chini, pigo baada ya pigo. Kwenye marathoni ya barabarani viti hivyo huwaacha mbali hata wakimbiaji bora wa miguu.

Kisha kuna kalingi, mchezo wa kusukuma mawe ya matale juu ya barafu kuelekea kwenye duara. Jiwe moja lina uzito wa karibu kilo 20. Anayecheza kwa miguu huteleza pamoja na jiwe akipiga goti, na wenzake hufagia barafu mbele yake ili jiwe lifike mbali zaidi. Kwenye kalingi ya viti hakuna kufagia. Jiwe likishaachiwa limekwenda, halisaidiwi tena na mtu. Mchezaji hulisukuma kwa fimbo ndefu, na mwenzake huja nyuma kushika kiti kisirudi kinyume kwenye barafu. Timu lazima iwe na wanaume na wanawake. Ukiutazama kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni wa polepole. Ukikaa nao nusu saa unaona kwamba kila jiwe ni uamuzi usioweza kurekebishwa.

Na hapa lipo jambo ambalo wasiotumia viti hulisahau. Bega la mtu wa kiti ndilo goti lake na ndilo kifundo chake cha mguu. Linamtoa kitandani, linamwingiza garini, linampandisha mlima, halafu jioni linaombwa pia lirushe mpira kapuni. Mabega huchakaa. Ndiyo maana wengi huhama michezo kadiri miaka inavyokwenda, kutoka inayopiga bega kwa nguvu kwenda inayodai shabaha na utulivu. Anayesoma orodha ya michezo ya mtu kama huyo asidhani anasoma kutotulia kwake. Mara nyingi ni makubaliano marefu kati yake na mabega yake.

Jalle Jungnell alikuwa nahodha wa Uswidi kalingi ya viti ilipochezwa kwa mara ya kwanza kwenye Paralimpiki, Torino 2006. Mechi zilikuwa Pinerolo, mji mdogo karibu na Torino, na Uswidi ikarudi na shaba. Miaka minne baadaye, Vancouver, akaiongoza tena timu hadi kwenye shaba nyingine, baada ya kuishinda Marekani 7 kwa 5. Medali mbili za shaba si jambo dogo. Lakini watu wengi zaidi wamelijua jina lake, au angalau kazi yake, bila kuiona barafu hata siku moja, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha Panthera, kampuni ya viti vya magurudumu iliyoko Spånga, kaskazini-magharibi mwa Stockholm.

Kiti kinachojulikana kuliko vyote vya kampuni hiyo ni Panthera X, cha nyuzi za kaboni. Ukivua magurudumu, kinachobaki kina uzito wa karibu kilo 2, na kikiwa kamili hakifiki kilo 5. Viti vya hospitali, vile vya bomba za chuma vinavyokunjwa katikati, huweza kufika kilo 18 au 20. Tofauti hiyo ina maana gani kwa mtu? Ina maana kwamba anaingia garini peke yake, anainua fremu kwa mkono mmoja na kuiweka kwenye kiti cha abiria, anafunga mlango na kuondoka, bila kusubiri msaidizi na bila kumshukuru mtu. Nikilifikiria hilo naona ushindi ambao hauna jukwaa la kupandia, nao unarudiwa kila asubuhi.

Fundi anayetembea anaweza kusomea uzito na nguvu za metali akahitimu vizuri. Lakini aliyekaa ndiye anayejua ni wapi fremu inabana paja baada ya saa nne, ni pembe gani ya mgongo inayomwachia mtu pumzi, na kwa nini nusu sentimita ya urefu wa ekseli ni tofauti kati ya kupanda ukingo wa barabara na kuanguka mbele yake. Ndiyo maana historia ya kiti cha kisasa imejaa wanamichezo. Bob Hall, aliyemaliza marathoni ya Boston mwaka 1975 akiwa mtu wa kwanza wa kiti kutambuliwa rasmi na waandaaji, akawa mtengenezaji wa viti vya mbio. Marilyn Hamilton wa California alivunjika mgongo mwaka 1978 akiruka kwa bawa la angani. Akachoshwa na kiti kizito alichopewa, akawaomba rafiki zake wawili waliokuwa wakitengeneza mabawa hayo wamtengenezee kiti kwa bomba zilezile za alumini. Kutoka kwenye kibanda chao kikatokea kiti cha Quickie, na yeye mwenyewe akawa bingwa wa tenisi ya viti, kisha akashinda medali ya fedha ya Paralimpiki katika kuteleza kwenye theluji. Ukizisoma habari zake kama za mwanamke aliyeshinda huzuni, utakuwa umeipita karakana bila kugeuza macho.

Stockholm ilikwenda mbali zaidi ya karakana. Mwaka 1976 kilianzishwa kikundi kilichoitwa Rekryteringsgruppen, na wazo lake lilikuwa rahisi hadi mtu akashangaa kwa nini halikuanza zamani. Aliyeumia mgongo jana afundishwe na aliyeumia miaka kumi iliyopita. Daktari aseme ya daktari, lakini namna ya kushuka ngazi kwa kiti, ya kuhama kutoka kitini kwenda kitandani, ya kuishi na mume au mke na kurudi kazini, afundishe mwenzake wa kiti. Kambi zao zilijaa michezo. Mgeni aliyekuja akiwa haamini kwamba ataweza kukaa wima alijikuta mchana anatupiwa mpira. Wengine waliokwenda kujifunza kupanda ukingo wa barabara waliondoka na mchezo, na baadhi waliufuata hadi timu ya taifa. Wala jiji halikuishia kwa wanamichezo: Claes Hultling, daktari wa usingizi aliyevunjika shingo mwaka 1984 kwa kupiga mbizi, akaanzisha hapa Spinalis, kliniki ya majeraha ya uti wa mgongo, na ujuzi wake baadaye ukapelekwa hadi Gaborone, Botswana.

Kutoka kwenye udongo huo ametokea mtu kama Aron Anderson. Alizaliwa mwaka 1988, akapata saratani akiwa mtoto mdogo, akaanza kutumia kiti. Amekwenda Paralimpiki kwa mbio za viti na pia kwa hoki ya sleji, kisha akaacha kuhesabu viwanja. Amefika kileleni mwa Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote Uswidi. Ameogelea bahari kati ya Uswidi na visiwa vya Åland. Amefika Ncha ya Kusini akiwa ameketi kwenye fremu yenye mbao za kutelezea, akijivuta kwa mikono. Safari zake nyingi zimechangisha fedha za kupambana na saratani ya watoto. Ninapomtazama sioni mtu asiyejua kuchoka. Namwona aliyekulia mahali ambapo swali la kwanza likiibuka, kwamba huko nitafikaje, yupo jirani anayejua kuchomea alumini.

Lakini nisiifanye Uswidi kuwa pepo. Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika nchi hii hii, Örnsköldsvik, Februari 1976, na mashindano rasmi yalikuwa ya waliokatwa viungo na wasioona tu. Waliokaa kwenye sleji walionyesha michezo yao bila kushindania medali. Mbio zao za barafu zilisubiri hadi Geilo, Norwe, mwaka 1980. Hata leo, kiti cha kila siku mtu hukipata kupitia huduma ya afya ya mkoa wake, ila kiti cha mbio au cha kikapu kwa kawaida hujitafutia: klabu, mfadhili, mfuko wake mwenyewe. Nchi iliyojaa mafundi nayo bado inabishana kama mchezo ni haja ya mtu au ni starehe yake.

Örnsköldsvik ina habari moja inayonigusa binafsi kwa kuwa mimi ni mtu wa Afrika Mashariki. Kati ya walioteleza kule mwaka 1976 alikuwapo Mganda, Tofiri Kibuuka, asiyeona. Mwaka 1969, ule mwaka wa ligi ya timu tano hapa Stockholm, yeye alikuwa akipanda Kilimanjaro pamoja na vijana wenzake wasioona. Akawa Mwafrika wa kwanza kwenye Paralimpiki ya majira ya baridi. Akashiriki tena Geilo, na baadaye, akiwa amehamia Norwe, akavaa jezi ya nchi hiyo, akashinda medali za mbio kwenye Paralimpiki za kiangazi. Mlima, theluji, uwanja wa riadha: mtu mmoja, na hakuhitaji kiti. Alihitaji mtu wa kumwongoza kwa sauti na nchi iliyokuwa tayari kumpa nafasi ya kujaribu. Uganda ikampa za kwanza na Norwe ikampa zilizofuata.

Na kwetu pwani yupo Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa. Akiwa na umri wa miaka miwili alikatwa miguu yote miwili na treni. Akasoma, akawa mwalimu. Amecheza tenisi ya viti, ameshiriki mbio za barabarani kwa kiti, na kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupiga makasia kwenye Paralimpiki. Mwaka 2024 akaenda Paris kwa mchezo huohuo.

Kundi lake ni la wale wanaotumia mikono na mabega tu. Kiti cha ndani ya boti hakisogei, tofauti na boti za wenye miguu ambako mpiga makasia huteleza mbele na nyuma. Mwili hufungwa kwa mikanda kifuani ili usianguke mbele, na pembeni mwa boti huwekwa vielea viwili vya kuizuia isipinduke. Mtu wa Mombasa akiitazama kwa mbali ataona ngalawa na matengo yake. Umbali ni mita 2,000, na bega ndilo linaloulipia wote.

Sitamsemea Asiya kwa nini amepita katika michezo hiyo yote. Hilo ni lake. Nitasema ninachokiona kwa ujumla nyumbani. Mchezaji wa Stockholm akihama mchezo, mara nyingi anachagua. Wa Mombasa, Kampala au Goma akihama, mara nyingi anafuata kifaa. Vimekuja viti vya tenisi vya msaada, basi mwaka huu ni tenisi. Kiti cha mbio kimepatikana cha kuazima, vipimo vyake ni vya mtu mwingine mnene kuliko yeye, basi twende mbio. Kiti kimoja cha mbio cha viwango vya kimataifa hushinda bei ya pikipiki mpya ya bodaboda, na mwenye familia akiwekewa fedha hizo mezani hatakosea akinunua pikipiki. Kisha tunasoma gazetini kwamba dada yetu ana vipaji vingi. Anavyo, ndiyo. Lakini ninamtamani apate siku moja kuwa na kipaji kimoja, akilee miaka kumi kwenye kiti kilichopimwa kwa nyonga zake yeye.

Ufundi wenyewe tunao. Bombolulu, bara ya kaskazini ya Mombasa, zipo karakana zilizoanzishwa mwaka 1969, ambamo watu wenye ulemavu wanatengeneza mapambo, vinyago, vitambaa na bidhaa za ngozi. Ni za chama kiitwacho APDK, kilichoanza 1958, nacho kina karakana ya viti vya magurudumu Nairobi. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT ambako mafundi wa viti wamefunzwa kupima mwili, kuuelewa, na kumkalisha mtu bila kumtia vidonda. Wanafunzi hapo wamejifunza pia kiti cha magurudumu matatu cha barabara mbovu, ambacho gurudumu lake la mbele huwekwa mbali ili lisizame kwenye shimo na kumtupa mtu. Kule Goma, kwenye mpaka wa Gisenyi, kwa miaka mingi wafanyabiashara wenye ulemavu wamevusha magunia kwa magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, marefu, yaliyochomelewa mtaani kubeba mzigo mzito kuliko mwenyewe. Watu hao wanajua msukumo, pembe na uzito kuliko wahandisi wengi niliopata kuzungumza nao.

Kwa hiyo nikiulizwa nini kimetenganisha ziwa lile la kusini mwa Stockholm na mafundi wetu, sitasema maarifa, wala sitasema moyo. Kuna alumini nzuri na bei yake bandarini. Kuna ushuru. Kuna vyama vya michezo vinavyonunua tiketi ya ndege ya kiongozi kabla ya kununua tairi la kiti. Zaidi ya yote kuna desturi yetu ya kumletea mtu mwenye ulemavu kifaa kilichokwisha kutengenezwa, kikiwa kimefungwa utepe, na kamera, na hotuba. Naye akakipokea kwa shukrani hata kama kinamkata mapajani, maana msaada haurudishwi.

Ninachokitamani ni mteja msumbufu. Namtaka binti wa Likoni aingie karakana ya mtaani na kiti cha mbio cha wiki iliyopita, asalimie, akae, amwonyeshe fundi mahali panapobana, amwambie bomba la mbele limezidi sentimita mbili na ringi ya kulia inacheza, akatae kulipa salio mpaka kiti kitengenezwe. Na fundi, mwenye kalamu sikioni, abishane naye kidogo, apime tena, akubali, amwambie aje Alhamisi.